Uhamisho Mmoja wa Igurusa

Sogeeni. Nina watu watatu na zawadi moja, na kila ninapoisimulia hadithi hii hutokea mtu wa kuinua mkono kabla sijafika katikati. Wewe uliyekwisha kuinua, ushushe kwanza. Sikiliza mpaka mwisho, ndipo tutajua kama una jibu au una haraka tu.

Ulikuwapo mji wa mpakani ukiitwa Igurusa. Mji wa upepo mkavu, malori yaliyojipanga kusubiri kuvuka, na ofisi moja ya matofali ya kuchoma. Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa usalama wa dawa na vifaa vya hospitali. Kila kifaa kilichoingia nchini kupitia pale kilipimwa kwanza. Na kila mgonjwa aliyedhurika baada ya kupewa dawa, watu wa zahanati walimwandika kwenye fomu ya njano wakaileta pale isomwe. Ofisini walikuwamo watathmini watatu, na juu yao mkuu wao, Bi Kokubelwa, mwanamke wa maneno machache na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukutazama usoni.

Wa kwanza ni Tulinagwe, mtu wa Tukuyu. Kipaji chake kilikuwa kusoma. Mpe rundo la fomu, atakwambia ipi imeandikwa na mtu mwenye haraka, ipi imeandikwa na mtu anayeogopa kulaumiwa, na ipi imeandikwa na mtu aliyelia kwanza. Wengine husoma maneno yaliyoandikwa, yeye alisoma pia mstari ulioachwa wazi.

Wa pili ni Nsiande, mtu wa Ugweno, kule milima ya Upare. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Aliingia wodini kuomba maji ya kunywa, akatoka anajua nani hasemi na nani, na kitanda kipi kina mguu mbovu. Watu walimwambia mambo ambayo hakuwauliza, na baadaye wakajishangaa.

Wa tatu ni Kombo, mtu wa Wete, Pemba. Kipaji chake kilikuwa vipimo. Mizani ikikosea kwa uzito wa unywele, yeye aliikamata. Hakusaini kitu asichokipima kwa mkono wake, na akishasaini, Bi Kokubelwa hakusoma mara ya pili.

Hao ndio watu wangu. Sasa nikwambieni ugonjwa wao, maana wote watatu walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja, nao ni wa kutamani nyumbani. Walipelekwa Igurusa kwa miaka miwili. Huo ulikuwa mwaka wa sita. Barua za kuomba uhamisho walikwisha kuziandika hadi wakazijua kwa moyo, na jibu lilikuwa lile lile: subirini, hatuna watu wa kuwabadilisha.

Tulinagwe alikuwa na mama anayeanza kusahau. Dada yake aliye nyumbani alimpigia simu akasema, "Leo mama kaniuliza, huyu Tuli mnayemtaja kila siku ndiye yupi?" Tulinagwe akacheka kwenye simu ili dada asikie kicheko, kisha akakaa na ile simu mapajani muda mrefu. Alitamani afike kabla jina lake halijafutika lote.

Kombo alikuwa na binti wa miaka mitano, Rukia, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari Igurusa. Alimwona likizoni, siku ishirini na nane kwa mwaka, na siku kumi za mwanzo mtoto alijificha nyuma ya mama yake. Siku moja Rukia alimwambia mwenzake wanayecheza naye kwamba yeye ana baba wa kwenye simu. Mkewe Kombo alilisimulia kama jambo la kuchekesha. Kombo halikumchekesha hata kidogo.

Nsiande hakuwa na mtu. Wazazi wake wamelala pale pale Ugweno, kando ya shamba, na ndugu hana. Ukimwuliza anamtamani nani, hana jina la kukutajia. Alitamani mahali. Alitamani baridi ya asubuhi inayouma vidole, na maji yanayotoka kwenye bwawa la mlimani yakipita mferejini kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani. Kule kuna kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, wanaiita msaragambo. Asiyefika mwaka huu husamehewa. Asiyefika mwaka baada ya mwaka, zamu yake ya maji hupewa mwingine, na shamba lake hukauka taratibu. Jirani alikwisha kumtumia ujumbe mara mbili kumkumbusha.

Mmoja anasahauliwa, mmoja hajafahamika bado, na mmoja hana wa kumkumbuka. Msinichagulie sasa hivi. Bado hatujafika kwenye kazi.

Ilikuwa mwezi wa nne. Ghafla fomu za njano zikaanza kumiminika, kumi na moja katika wiki tatu, kwa ofisi iliyozoea kupata mbili. Nyingi zilitaja dawa moja, ile ya kuongeza uchungu kwa mama anayejifungua, inayowekwa ndani ya chupa ya dripu. Wakunga waliandika kwamba uchungu ulikuja kwa nguvu isiyo ya kawaida, bila kupumzika. Kwenye fomu moja, pale panapoulizwa hali ya mtoto, mkunga aliandika maneno mawili: hakulia kabisa.

Makao makuu yakaleta agizo. Dawa ile ni kali kupita kiasi, andaeni tangazo, mpaka Jumatatu izuiwe wilaya nzima. Bi Kokubelwa akaliweka agizo mezani, akabadili miwani, akawatazama.

"Nani ana neno kabla sijaandika?"

"Nipe siku moja, Mama," akasema Tulinagwe.

Akazitandaza zile fomu kumi na moja sakafuni, akavua viatu, akatembea katikati yake. Hakuzisoma kwa tarehe wala kwa jina la dawa. Alisoma kila mstari na kila mahali palipoachwa wazi, akazipanga upya mara tano. Mchana ule hakula. Jioni alikwenda kwa Bi Kokubelwa na fomu nne mkononi.

"Hizi nne si za kina mama," akasema. "Watoto watatu wa kuharisha na mzee mmoja aliyeishiwa maji mwilini. Hawa hawakupewa dawa yoyote kwenye dripu. Walipewa maji ya chumvi matupu, na wamevimba miguu, wakahema kwa shida. Mama, maji ya chumvi hayawezi kuwa makali. Tatizo si dawa."

"Na tukiizuia?"

"Dawa hiyo hiyo ndiyo inayomzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kuzaa. Tukiiondoa, tutawazika wengine kwa mkono wetu."

"Sasa kama si dawa, ni nini?"

Tulinagwe akatikisa kichwa. "Karatasi zangu zimeishia hapo. Ninachojua ni kwamba wote kumi na mmoja walikuwa kwenye dripu, na fomu haina mahali pa kuuliza kuhusu dripu yenyewe." Tangazo la kuzuia dawa halikuandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya Tulinagwe, iwekeni akilini.

Kesho yake Nsiande akapanda pikipiki ya ofisi kwenda kituo cha afya cha Rwamisha, zilikotoka fomu sita. Waliomtangulia kutoka wilayani walikwenda na daftari la maswali, na kila muuguzi alijibu kwamba alifuata utaratibu, maana ukimwuliza mtu kama amekosea atakwambia hajakosea. Nsiande hakufungua daftari. Alikaa kwenye benchi na muuguzi mmoja mtu mzima, Sista Anatolia, wakakunja pamba na kusema habari za watoto na bei ya maharage. Saa mbili zikapita hivyo.

"Na kazi, Sista? Naona wodi imejaa."

"Imejaa, lakini afadhali siku hizi," akasema Sista Anatolia. "Chupa zinaisha upesi. Ile ya kwenda saa nane, kwa saa nne umeshaibadilisha. Tangu ije mipira hii mipya ya kupitishia dripu, haisumbui, haizibi. Mipira mizuri."

Nsiande hakuinua sauti. "Hebu nionyeshe unavyofanya."

Sista Anatolia akasimama kando ya kitanda, akaishika saa aliyoibana kifuani kwa pini, akatazama kile kichupa kidogo cha plastiki ambamo matone hudondoka. Midomo yake ilitembea bila sauti. Alipofika ishirini, dakika ilikuwa imetimia, akaachia kigurudumu cha kurekebisha matone kwa kuridhika.

"Matone ishirini kwa dakika," akasema. "Matone ishirini ni mililita moja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha hawa wadogo. Mwaka wa thelathini huu, mwanangu, sijakosea hesabu."

Na kweli hakukosea hesabu. Nsiande akaomba pakiti moja ya mpira ule, ambayo haijafunguliwa, akaifunga kwenye kitambaa, akarudi nayo Igurusa. Hakujua ina nini. Alijua tu kwamba hiki ndicho kilichobadilika, na kwamba wauguzi wanakisifu. Hiyo ndiyo kazi ya Nsiande.

Alipoiweka ile pakiti mezani kwa Kombo, Kombo aliitazama, kisha akaketi. Hakuuliza imetoka wapi.

Akautundika mpira kwenye chuma, akaweka chini yake bomba la kupimia, akahesabu. Mililita moja ikajaa kwa matone kumi. Akamwaga, akaanza upya. Kumi. Akabadilisha maji, akaweka yenye chumvi, kisha yenye sukari. Kumi. Akaleta mpira wa zamani kutoka stoo, ule uliozoeleka. Ishirini. Alihesabu tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, mara sitini na mbili, na wenzake wakawa wanapita mlangoni bila kumsemesha.

"Tone la mpira huu ni kubwa mara mbili," akamwambia Bi Kokubelwa mbele ya wote. "Muuguzi akihesabu ishirini, mgonjwa anapata maradufu. Maji maradufu, dawa maradufu. Ndiyo maana chupa zinaisha upesi." Akaukunja mpira. "Na kuna jingine. Mipira hii niliipima mie, mwezi wa pili."

Akaichukua pakiti, akawaonyesha ubavu wake.

"Kwenye pakiti wameandika kwa maandishi madogo, matone kumi kwa mililita. Nikahesabu, nikapata kumi. Nikasaini. Nilipima kama kifaa kinasema kweli, na kilikuwa kinasema kweli. Sikujiuliza kitakwenda kuhesabiwa na nani. Ningeweza kukaa kimya, maana saini yangu haina kosa kwenye karatasi. Lakini mie nalijua kosa langu."

Basi ikaeleweka. Dawa haikuwa na kosa, mpira haukuwa na kosa, na Sista Anatolia hakuwa na kosa. Hatari ilikuwa pale vitu hivyo vilipokutana. Siku hiyo hiyo tangazo likatoka, mipira ikarudishwa kutoka zahanati thelathini na nne, na mahali ambapo hapakuwa na mingine wauguzi wakaambiwa wahesabu kumi. Wiki iliyofuata fomu ya njano ilikuja moja tu, ya mtu aliyewashwa ngozi. Tulinagwe aliisoma akailaza juu ya meza kwa viganja viwili.

Kilichompata yule mtoto ambaye hakulia, hakuna aliyeweza kukirudisha. Kombo aliomba jina la mama yake, akaambiwa halitolewi. Hakuomba tena.

Sasa ndipo ilipofika barua. Makao makuu yalifurahi, na yakitaka kuonyesha furaha yakaandika hivi: kwa kazi iliyotukuka, mtathmini mmoja wa Igurusa ahamishiwe kituo chochote atakachochagua mwenyewe, popote nchini. Mmoja. Wawili watakaobaki waendelee kwa miaka mitatu mingine, kwa kuwa kituo hakiwezi kubaki na mtu mmoja. Mkuu wa kituo ajaze jina, lifike Ijumaa kabla ya adhuhuri. Lisipofika, nafasi itapewa kituo kingine.

Bi Kokubelwa aliwaita siku ya Alhamisi, akawasomea barua yote bila kuruka mstari, akawataka waseme.

Kombo alisema kwanza. "Mie msinihesabu. Saini yangu ndiyo iliyoiingiza mipira." Akatoka nje.

Nsiande akasema, "Pakiti niliileta bila kujua ina nini. Bila dada Tuli nisingejua niende kuangalia nini, na bila kaka Kombo ingebaki kuwa pakiti."

Tulinagwe akasema, "Mimi nilikaa ofisini nikavua viatu. Wewe ndiye uliyemeza vumbi la Rwamisha."

Huenda mmeshaanza kuona watu wema wakisukumiana zawadi, na mnajiandaa kuwapigia makofi. Subirini. Mlango ukafunguliwa, Kombo akarudi, macho mekundu.

"Nimesema uongo," akasema. "Nataka kwenda. Nimesema msinihesabu kwa kuwa naona haya, si kwa kuwa sitaki. Mwanangu mwezi wa kwanza anaanza skuli, nataka nimpeleke mimi kwa mkono wangu. Nikisubiri miaka mitatu atakuwa na minane, na mtoto wa miaka minane hashikwi mkono njiani. Kosa langu nimelisema, na haja yangu naisema."

Tulinagwe akafunika uso kwa viganja. "Na mimi nataka," akasema. "Nilikuwa najaribu kuwa mstaarabu. Miaka mitatu ikipita, mama hatakuwa na mimi kichwani. Nitafika nimkute yu hai, anipokee kama mgeni, aniulize nimetoka kwa nani. Nataka kufika wakati bado ananigombeza kwa jina langu."

Nsiande alikuwa wa mwisho. "Na mimi nataka," akasema, polepole, kama anayeomba kitu asichostahili. "Najua nyinyi mna watu. Kila mara watu wakigawana nafasi, asiye na mtu huambiwa asubiri, kwa kuwa hakuna anayemlilia. Nimesubiri hivyo maisha yangu yote. Zamu ya maji ikienda, sitakuwa na pa kurudi, na hakuna atakayejua kwamba niliwahi kuwa na mahali."

Hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Walikaa watatu kwenye benchi moja, na Bi Kokubelwa akavua miwani yote miwili.

Alilala na barua ile, akaamka nayo. Akisema Tulinagwe, kwa kuwa ndiye aliyeanza kuona na akaokoa dawa ya kina mama, alimkumbuka Nsiande, maana kuona bila kwenda kungeishia sakafuni. Akisema Nsiande, kwa kuwa alileta kile ambacho wilaya nzima ilipita mbele yake bila kukiona, alimkumbuka Kombo, maana pakiti haisemi mpaka ipimwe. Akisema Kombo, kwa kuwa ndiye aliyetoa jibu na akajitia hatiani pale ambapo hakuna ambaye angemshika, alimkumbuka yule mtoto ambaye hakulia. Na akisema kazi tuiache, tutazame nani ana njaa zaidi ya kwao, alijikuta anapima mama, na mwana, na shamba, na mizani ya namna hiyo hata Kombo hakuwa nayo.

Sasa ni Ijumaa, saa tano na nusu. Barua iko mezani, imeshapigwa muhuri, na pale pa jina ni peupe. Nje ya mlango benchi lina watu watatu, na kila mmoja anajua kwamba akiitwa yeye atafurahi, na kwamba atakapopita mbele ya wale wawili akiwa na begi lake hatajua aweke wapi macho.

Haya, inueni mikono sasa. Mimi nimeisimulia mara nyingi, na kila mara moyo wangu hutaja jina jingine, kwa hiyo msinitazame mimi. Wala msiniambie wapige kura, au waende kwa zamu, au makao makuu yaongeze nafasi. Hayo yote Bi Kokubelwa aliyaomba akanyimwa. Nafasi ni moja, na imebaki nusu saa. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, ukafungua mlango, ungewaambia nini wale wawili wanaobaki?